Mawimbi Mepesi

Nchi yenyewe haitatajwa, maana imeomba isitajwe ila kwa sifa, na sifa zake zote tayari zimekwisha kutajwa na Wizara husika. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na Kiongozi, ilikuwa na mto mpana, na juu ya mto huo ilikuwa na daraja jipya.

Daraja lilikuwa zuri. Nguzo zake zilikuwa nene, na taa zake ziliwaka hata mchana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lilikuwa halijafunguliwa. Kufungua ilikuwa kazi ya Kiongozi peke yake, na Kiongozi alikuwa na shughuli nyingi. Mpaka atakapokata utepe, hakuna unyayo ulioruhusiwa kumtangulia. Daraja la zamani lilibomolewa siku ile ile jipya lilipokamilika, ili wananchi wasipate kishawishi cha kulinganisha. Mitumbwi nayo ikapigwa marufuku, kwa kuwa kupita na mtumbwi chini ya daraja zuri namna ile kulionekana kama dharau.

Basi Sufiani Makole, fundi wa kompyuta katika Posta ya mji wa Ng'ambo ya Huku, akawa hawezi tena kumfikia mwanawe.

Mwanawe aliitwa Raziya. Alizaliwa kiziwi, na mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba na mtoto walibaki wawili ndani ya nyumba, wakajitungia lugha yao ya mikono, kidogo kidogo, kila kitu kilipohitaji jina. Uji ulikuwa na ishara yake. Mvua ilikuwa na yake, na jirani aliyependa kuazima vitu alikuwa na yake, ambayo haifai kuelezwa hapa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua lugha hiyo. Raziya alipofikisha miaka saba, Sufiani alimpeleka shule ya bweni ya viziwi, iliyokuwa Ng'ambo ya Kule, na kila Jumamosi alivuka mto kwenda kumtazama. Mwaka mmoja baadaye daraja jipya likakamilika, na safari zikaisha.

*

Serikali haikuwaacha wananchi hivi hivi. Katika Posta kuliwekwa chumba kidogo chenye kompyuta na kamera, na kila raia mwenye ndugu upande wa pili alipewa saa moja kwa wiki ya kuonana naye kwenye kioo. Kuonyesha maandishi kwenye kioo kulikatazwa, kwa kuwa maandishi ni kazi ya barua. Barua nazo zilipokelewa kama kawaida, zikagongwa muhuri, zikatiwa kwenye magunia, na magunia yakapangwa nyuma ya kaunta kungojea daraja lifunguliwe.

Kompyuta ya Posta ilishika mtandao kwa njia ya hewani, kupitia huduma rasmi iliyoitwa Mawimbi Adhimu. Ilikuwa programu nzito. Kabla ya kuunganisha chochote ilipiga wimbo wa taifa, beti zote sita. Ikaonyesha picha za Kiongozi akiwa mtoto, akiwa kijana, na akiwa anafikiri. Ikamwapisha mtumiaji, kisha ikakagua kama kiapo kimetoka moyoni. Kwenye kompyuta mpya za Ikulu mambo hayo yalichukua nusu dakika. Kwenye kompyuta kuukuu ya Ng'ambo ya Huku yalichukua dakika hamsini na moja.

Wimbo ulipigwa pande zote mbili za mto. Kule shuleni watoto viziwi walisimama wima kwa heshima ya wimbo wasiousikia, macho yao yakiwa kwa matroni, ambaye angewapungia mkono wimbo ukiisha ili wakae.

Zilibaki dakika tisa. Kwa watu wanaozungumza kwa midomo, dakika tisa si haba; picha ikiganda, sauti inaweza kupenya ikafika. Lakini mkono ukiganda hewani hausemi kitu. Sufiani alimwona Raziya akianza neno, kisha akamwona amekwama kama sanamu, kisha akamwona tayari amemaliza na anangoja jibu. Alijibu kwa kubahatisha. Miaka miwili walizungumza hivyo, kila mmoja akijibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Jumamosi moja Raziya aliacha kusema katikati. Akaweka mikono mapajani, akamtazama tu baba yake mpaka saa ikaisha.

Siku ya Jumatatu Sufiani akaanza kujenga.

*

Programu yoyote, kabla haijawa programu, huwa ni maandishi. Mtu huyaandika kwa maneno na alama ambazo fundi mwenzake anaweza kuzisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kompyuta ikiyasaga na kuyaunganisha, ndipo yanapokuwa kitu kinachofanya kazi. Mafundi huita shughuli hiyo kujenga, na neno hilo ndilo lililomponza Sufiani, kama itakavyoonekana.

Alijua kwamba huko duniani kuna watu walioandika huduma nyepesi ya mtandao usio na waya, wakaiacha wazi, anayeitaka aichukue. Haikuwa na wimbo wala picha. Ilitafuta mawimbi, ikaonyesha nenosiri, ikashika, ikanyamaza. Sufiani aliichukua, akaijenga saa za mapumziko ya mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sababu hakudhani kwamba anafanya jambo la kufichwa.

"Unahangaika na nini?" aliuliza Bi. Kuruthumu, mkuu wa Posta, akipita na kikombe chake cha chai.

"Najaribu kitu kitakachoshika mtandao upesi zaidi, mama."

"Hata bila kiapo?"

"Hata bila kiapo."

Bi. Kuruthumu alifikiri kidogo. Alikuwa na mume upande wa pili. "Mimi sijaona," akasema, akaenda zake na chai.

Kazi haikuwa rahisi. Kompyuta iligoma ikisema kuna kitu hakijapatikana. Sufiani akakitafuta, akakijenga nacho. Ikagoma tena kwa kingine. Alipomaliza hivyo vyote, ikaonekana kiini chenyewe cha mfumo kilikuwa hakijui kufungua mafumbo ya nenosiri, ikabidi nacho kijengwe upya. Ilichukua wiki tatu za kula mihogo kwa mkono mmoja. Mwisho mistari ikateremka kwenye kioo bila kosa hata moja, na huduma ikawa imesakinishwa. Likabaki jambo dogo: ilibidi Mawimbi Adhimu yazimwe, kwa kuwa kadi moja ya mawimbi haiwezi kushikwa na watawala wawili. Hilo ni suala la kiufundi tu.

Akazima. Akawasha ile mpya. Akaandika nenosiri.

Ilishika kwa sekunde mbili. Sufiani, aliyekuwa amezoea kusimama kwa wimbo, alikuwa bado anajiinua kitini.

*

Walipata Jumamosi tano.

Ya kwanza Raziya alishtuka kumwona baba yake tayari yupo, anasogea kama mtu hai anavyosogea. Kisha akasema kila kitu. Alisema juu ya jino lililong'oka, juu ya rafiki anayekoroma na hajijui, juu ya mwalimu mwenye viatu vinavyowaka kwa rangi. Sufiani alicheka mpaka mwananchi aliyekuwa kwenye foleni akachungulia. Mara nyingine Raziya alitia ishara ngeni, za shuleni, na baba akainua nyusi, naye akaeleza kwa zile za nyumbani. Waliagana saa ikiwa bado na dakika moja. Wakaitumia dakika hiyo bila kusema chochote, kwa kuwa walikuwa na uwezo wa kuipoteza.

Wengine pia walifaidi. Bi. Kuruthumu alimwona mumewe, wakagombana saa nzima bila kukatika, akatoka amenawiri. Na mzee mmoja mwenye shukrani, baada ya kumwona dada yake, aliandika barua gazetini kuipongeza serikali kwa kuharakisha mawimbi ya Ng'ambo ya Huku.

Serikali iliisoma barua hiyo kwa mshangao. Ilitafuta katika majalada yake yote na haikuona agizo la kuharakisha kitu chochote. Maana yake ilikuwa nzito: mahali fulani katika nchi, kitu kilikuwa kinafanya kazi bila kuamriwa.

*

Tume iliundwa. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Lumbanga, Mkurugenzi wa Idara ya Vyanzo, idara iliyosimamia vyanzo vya mito, vyanzo vya moto na vyanzo vya uvumi. Chumba cha Posta kikafungwa kwa lakiri, na Sufiani akapigwa marufuku kukaribia wimbi lolote mpaka uchunguzi utakapokwisha.

"Bwana Sufiani," alisema Mheshimiwa Lumbanga siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja, "ni kweli ulijenga?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Una kibali cha ujenzi?"

"Mheshimiwa, niliijenga ndani ya kompyuta."

"Ndani ya jengo la serikali. Hilo ni kosa la pili."

Wakaletwa wakaguzi wa majengo wenye futi kamba. Walipima kompyuta mbele na nyuma, wakauliza msingi uko wapi, wakaandika kwamba ujenzi hauna choo wala njia ya dharura. Baada yao wakaja watu wa Mizani, kwa kuwa ilidaiwa kwamba huduma ni nyepesi. Waliipima kompyuta huduma ikiwa ndani, wakaipima ikiwa imetolewa, uzito ukawa ule ule. Wakatoa taarifa ya kurasa arobaini kwamba huduma hiyo si nyepesi, bali haipo. Tume ikapokea taarifa, ikaamua kwamba kutokuwepo hakumwondolei mtu hatia.

Kilichochukua muda ni chanzo. Katiba ya nchi ile ilitamka kwamba chanzo cha mema yote ni Kiongozi. Sasa hapa palikuwa na msimbo chanzo ulioandikwa na watu wasiojulikana, wa nchi zisizojulikana, tena bure. Tume ikaamuru usomwe wote kwa sauti ili ijulikane umeficha nini. Akatafutwa msomaji mwenye sauti nzuri. Akasoma mistari elfu themanini, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. "Mabano yamefunguliwa," alisoma, na karani akaandika. Mheshimiwa Lumbanga alitaka kujua nani aliidhinisha kufunguliwa kwake. Tangu siku hiyo kila bano lililofunguliwa lilifungwa na ofisa mwenye cheo kinachostahili.

Kusoma kulichukua miezi kumi na tisa.

Sufiani alitakiwa kuhudhuria kila kikao. Alikaa benchi la nyuma, mikono chini ya meza, na msomaji akisoma alama zake, yeye alirudia zile za nyumbani, moja baada ya nyingine, asije akazisahau. Uji. Mvua. Jirani. Kila Jumamosi alimwandikia Raziya barua fupi kwa maneno mepesi, akaeleza kwamba kuna wazee wanasoma kitabu kirefu sana, na wakimaliza atamwona. Aliigonga muhuri mwenyewe. Kisha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kazini, aliitia mwenyewe kwenye gunia nyuma ya kaunta.

Mara moja alisimama kikaoni bila kuitwa.

"Mheshimiwa, naomba jambo moja. Shule ya kule ipelekewe habari kwamba mimi ndiye niliyezuiwa. Mtoto aambiwe."

Mheshimiwa Lumbanga hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wake, na picha zao zilikuwa mezani pake. "Ombi lako ni la kibinadamu," akasema. "Liandike, uliambatanishe na barua ya shule kuthibitisha kwamba haina habari."

Sufiani akaketi. Karani akaandika kwamba shahidi ameketi.

*

Mwaka wa tatu, bila mtu kujua kwa nini, Tume iliidhinisha. Inasemekana Kiongozi aliona neno "nyepesi" mahali, akalipenda. Ikafanyika sherehe mji mkuu. Wavumbuzi kumi na wanne walitunukiwa nishani, akiwemo msomaji. Huduma ilipewa jina Mawimbi Mepesi Adhimu, na kwa heshima ya wepesi wake wimbo ulipunguzwa ukawa beti mbili. Sufiani hakutunukiwa, ila alisamehewa, na akaruhusiwa kuisakinisha huduma hiyo Ng'ambo ya Huku na kuitumia saa ya kwanza.

Lilikuwepo sharti moja. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba baadhi ya wananchi wanawasiliana kwa ishara zisizosajiliwa. Hivyo chumbani aliwekwa mkalimani wa serikali, kijana nadhifu aliyevaa tai, na kazi yake ilikuwa kuifanya mikono ieleweke.

Beti mbili zikaisha, na kioo kikafunguka.

Msichana aliyekaa upande wa pili alikuwa na miaka kumi na tatu. Alikuwa mrefu, amesuka nywele kwa mtindo ambao Sufiani hakuwahi kuuona, na alikaa kama watu wanaokaa mbele ya wageni. Sufiani alimtazama mpaka mkalimani akakohoa. Ndipo akainua mikono akamsalimu kwa salamu yao ya nyumbani.

Raziya aliitazama mikono ile kwa makini. Aligeuka kidogo kumwangalia matroni, kisha akarudi. Alitabasamu kwa adabu. Sufiani akajaribu ya mvua. Akajaribu ya uji, aliyoitengeneza na mtoto huyo huyo mapajani pake. Raziya akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji ambao aliwahi kupita usingizini.

Kisha akaanza kusema yeye. Mikono yake ilikuwa myepesi, ya haraka, yenye mambo mengi. Uso wake wote ulisema pamoja nayo. Alisema muda mrefu. Hakuna kilichoganda, kila kidole kilifika. Sufiani hakuelewa hata neno moja.

"Anasemaje?" aliuliza.

Mkalimani alitazama daftari lake. "Anasema yuko salama, na anamshukuru Kiongozi."

"Amesema zaidi ya hapo."

"Mengine ni ya kifamilia, mzee. Hayana tafsiri iliyoidhinishwa."

Sufiani aligeukia kioo. Alisogeza kiti karibu. Raziya alikuwa ameshusha mikono, anangoja. Sufiani akainua mkono wake wa kulia kama alivyouona wa mwanawe ukianza, akajaribu kuufuata: hivi, kisha hivi, kisha vidole viwili hivi kifuani. Raziya alikunja uso. Akafikiri anachekwa. Halafu akaelewa kwamba baba yake haigizi kwa mzaha, bali anayabeba maneno yake aende nayo, na machozi yakamshuka. Akaanza upya. Safari hii alisema polepole, sehemu kwa sehemu, na Sufiani akanakili, na alipokosea mtoto alimrudisha nyuma. Waliyarudia mara sita, saba. Mkalimani aliandika kwamba hapakuwa na mazungumzo.

Saa ikaisha.

*

Alitoka Posta mikono ikiwa bado hewani. Bi. Kuruthumu alimsemesha, hakujibu, maana aliogopa kwamba neno lolote la mdomoni lingemsukumia moja la mkononi likadondoka. Alipita sokoni akirudia, hivi, kisha hivi, vidole viwili kifuani, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyefiwa.

Mwisho wa soko alikaa Bi. Eshe, fundi viatu, kiziwi, aliyesoma shule ile ile miaka mingi kabla daraja la zamani halijabomolewa. Alikuwa anashona soli. Sufiani alisimama mbele yake, na bila kusalimu akafanya yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Bi. Eshe aliweka sindano chini. Akamwashiria arudie. Sufiani akarudia. Mwanamke yule alimtazama usoni kwa muda, kana kwamba anapima kama huyu ni mtu wa kuambiwa au wa kuachwa. Kisha akachukua chaki anayochorea ngozi, akaandika kwenye ubao wa meza yake, akafuta kwa kiganja, akaandika tena.

*Nilikaa mbele ya kioo kila Jumamosi.*

Akafuta.

*Wazazi wa miji mingine walikuja, wewe hukuja. Nilidhani umekufa, kisha nikadhani umechoka kunifundisha.*

Akafuta. Aliandika mstari wa mwisho kwa herufi ndogo.

*Kwa nini uliacha?*

Mteja mmoja alifika na kiatu mkononi, akaona sura zao, akaenda kusimama pembeni.

Sufiani aliinama akiushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Posta kwa mikono hiyo kutulia. Alikaa hivyo mpaka Bi. Eshe akamgusa bega. Ndipo akachukua chaki. Aliandika neno moja, "Sikuacha", na chini yake akauliza linasemwaje.

Bi. Eshe akamwonyesha. Sufiani akalijaribu. Mwanamke akatikisa kichwa, akamshika dole gumba, akalikunja ndani taratibu, akamwachia ajaribu tena.